Uzi Mwekundu wa Gunia la Biskuti

Watu wa kule kijijini, upande wa Morotonga, wakinikumbuka leo wananikumbuka kwa jambo moja tu: yule mke wa katibu aliyewalisha mbwa biskuti. Wananicheka. Waache wacheke, kucheka hakulipiwi kodi. Lakini hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba biskuti zile zilikwisha, na kwamba niliwafundisha wale mbwa kula nyama mbichi kwa mikono yangu hii, na kwa nini nilifanya hivyo. Hilo ndilo nataka kulisema kabla na mimi sijalisahau.

Nimezaliwa Isebania, upande wa Kenya, ng'ambo ya Sirari. Sisi Wakurya tulikuwa tunauvuka mpaka ule kama unavyokatiza uwanja wa jirani kwenda kuomba moto. Niliolewa upande wa Tarime, mimi nikaja huku, ng'ombe wa mahari wakaenda kule, na hakuna askari aliyeuliza kitu. Kisha ikaja operesheni ya vijiji vya ujamaa. Mume wangu akapangiwa kuwa katibu wa kijiji kipya, mbali kabisa, Serengeti, na mimi nikafunga vyombo. Siku ya kuaga, mama alinipa watoto wawili wa mbwa, dume na jike, ndani ya kikapu cha ndizi.

"Huko mnakokwenda kuna fisi," alisema. "Na nyumba yako bado haina mtoto. Angalau kuwe na kitu kinachokuja mlangoni ukirudi."

Mama yangu alikuwa hivyo. Anakupa zawadi, na ndani ya zawadi amekuchoma kidogo.

Wale mbwa walikuwa uzao wa jike la bwana mkubwa mmoja kule kaka yangu alikofanya kazi. Kaka alikuwa kuli katika kiwanda cha chakula cha mifugo, huko huko Kenya, na biskuti za mbwa zilizovunjika wafanyakazi waliruhusiwa kuondoka nazo. Si biskuti za kunywea chai, jamani. Zilikuwa ngumu, za rangi ya udongo, zinanuka pumba na mifupa iliyosagwa, ukizimwaga kwenye sahani ya bati zinalia kama kokoto. Kaka alizipeleka kwa mama, mama akazijaza gunia, akalishona mdomo, akalipandisha kwenye gari la kuja Tarime. Kutoka Tarime lilikuja na lori lolote la pamba lililokuwa linarudi Mugumu tupu. Wale mbwa hawakujua chakula kingine tangu walipoachishwa ziwa.

Nataka uuelewe ule mshono, maana bila mshono habari hii haina kichwa wala miguu. Mama hakujua kusoma wala kuandika. Alishona gunia kwa uzi mwekundu aliofumua kwenye sweta kuukuu la marehemu baba, na kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, fundo lake lilikaa upande ambao mshonaji mwingine asingeliweka. Mimi siku zile sikuukata uzi ule hata mara moja. Nilikaa chini, nikalifungua fundo kwa kucha, nikaufumua taratibu mpaka mwisho, nikaukunja, nikaurudisha kwake pamoja na gunia tupu. Mwezi unaofuata unakuja uzi uleule. Mishono ikiwa imekaza na imekaribiana, najua mama ana nguvu, amelima, amegombana na mtu sokoni, mambo ni mazuri. Hatukuhitaji barua.

Kijijini walituchamba vya kutosha. Sukari haipo dukani, sabuni haipo, watu wamepanga foleni ya khanga ambazo haziji, na kwa katibu mbwa wanatafuna biskuti kutoka nje. Mwenyekiti alisema mkutanoni, mbele ya kijiji kizima, "Hapa kwetu mabepari wamebaki wawili tu, na wote wana mikia." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mume wangu aliangalia viatu vyake. Nilimwambia nyumbani kwamba mwenyekiti akija kwangu kunywa uji nitampimia na yeye biskuti.

Lakini walikuwa wanawapenda, wale mbwa. Nyama hawakuijua kabisa. Ng'ombe akichinjwa, mbwa wa watu wanapigana mpaka damu, wangu wamelala kivulini. Ndama waliwalamba masikio. Jirani yangu, mwanamke wa Kiikoma ambaye mume wake alikuwa mwindaji wa siri, aliwahi kumtupia dume mfupa wenye mnofu, dume akaunusa, akauruka, akaenda zake. Yule mama akasema mbwa wangu ni watawa.

Basi likaja gunia ambalo mishono yake ilikuwa imelegea. Imepishana, mmoja huku, mwingine mbali, na mahali pengine sindano imetoboa bure bila uzi kupita. Fundo lilikuwa la kwake, la upande ule ule, ila mkono ulitetemeka. Nilikaa na lile gunia mapajani sijalifungua. Nikamwambia mume wangu kwamba mama anaumwa.

"Umejuaje?"

"Ameshona vibaya."

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu mwenye homa. Nikarudisha gunia na uzi kama kawaida, nikasema likija la mwezi ujao limeshonwa hivi tena, nitakwenda. Halikuja. Kabla ya mwezi kwisha redio ya mume wangu ilisema mpaka wa Kenya umefungwa.

Nilidhani ni mambo ya wakubwa, watapatana baada ya wiki. Wiki zikapita, kahawa ikavunwa Tarime, mpaka umefungwa. Kwenye njia za panya kulikuwa na mgambo, na waliokamatwa walirudishwa kwao wamefungwa kamba wakatangazwa wahujumu. Nikamwomba mume wangu aniache nijaribu. Nina ndugu pale Sirari, nina watu wangu njia nzima, ningevuka na wachunga ng'ombe nani angenijua.

"Mke wa katibu," alisema. "Akamatwe kwenye njia ya panya. Halafu mimi nisimame kwenye mkutano niseme nini?"

"Sema mama yake anaumwa."

"Hujui kama anaumwa. Umeona uzi."

Nilimchukia siku ile, na sisemi kwa mafumbo. Hata kumtaja mama hakuweza, kwa sababu kwetu mkwe hamtaji mama mkwe wake, wanakwepana njiani, hawaonani uso kwa uso. Alimwita "yule mzee wa kule". Kwa hiyo kila tulipogombana juu ya mama, nilikuwa nagombana na mtu ambaye mila yenyewe imemfunga mdomo. Nilibaki kwa shingo upande. Nilikuwa mke wa mtu, kijiji kilikuwa na macho, na yeye alikuwa sahihi kuhusu mgambo. Hilo nalo liliniuma.

Biskuti zikapungua. Debe nililomiminia lile gunia la mwisho likaanza kulia tupu nikichota. Hapo ndipo nilipojikuta nafanya kitu ambacho hata mimi mwenyewe sikukielewa mwanzoni: niliwanyima mbwa. Nikiingiza mkono debeni naona nazimaliza biskuti ambazo mama alizichota kwa kiganja chake, na zikiisha sina kitu kingine kilichotoka kwake. Nikafunika debe. Nikasonga ugali, obokima wetu wa mtama na muhogo, nikawapa.

Hawakuuweza. Dume alikula akatapika. Jike alikula kwa adabu, akaharisha, akala, akaharisha, manyoya ya mgongoni yakaanza kutoka kwa mafungu. Mbavu zikaonekana. Kumbuka hawa ni mbwa wa mama. Alisema kuwe na kitu kinachokuja mlangoni, na sasa nikirudi kutoka shamba la kijiji hawaji tena, wanainua vichwa tu. Nilianza kuogopa kwa namna isiyo na akili. Nilijiambia mbwa hawa wakifa, na yeye atakuwa amekufa. Nikajikemea. Nikajiambia tena.

Jirani yangu wa Kiikoma ndiye aliyesema, "Wape nyama."

Nyama niitoe wapi? Bucha lilifunguliwa kwa nadra, na kilichopatikana walikula watu. Lakini ulikuwa wakati nyumbu wamefika, na mume wake alikuwa hakosi. Kwake waliikausha usiku ndani, moshi wakauficha. Yeye akanipa mabaki, mapafu, koo, ngozi za tumbo, vitu ambavyo hata kwake havikuwa na mwenyewe, vimefungwa kwenye majani ya mgomba chini ya kikapu cha mboga.

"Ila kwako usipike," aliniambia. "Nyumbu akichemka anajulikana hadi barabarani."

Alikuwa anasema kweli. Kwangu ndiko walikofikia wageni wa serikali, askari wa wanyamapori wakiwemo. Sufuria moja ya nyumbu ikinukia nyumbani kwa katibu, sisi wote ni wa kwenda jela, na yeye na mume wake kwanza. Ndiyo maana ikawa mbichi. Wakati ule wengine walidhani nilijifunza kwa Wazungu. Nilijifunza kwa kuogopa moshi.

Na kwetu mbwa hapewi nyama mbichi, kila mtu anajua. Akionja damu, kesho yumo zizini na ndama. Mbwa wa namna hiyo anachomwa mkuki, na mwenye mbwa haombwi radhi. Mwenyekiti alipopata fununu alikuja mwenyewe, safari hii bila mzaha, akasimama uani kwangu.

"Shemeji, ng'ombe wa kijiji ni wa kijiji. Mbwa wako akigusa hata sikio la ndama, mimi simwiti katibu, namwita mwenye mkuki."

Nikamwambia nimesikia. Nikawafunga kamba za katani mchana kutwa.

Kuwafundisha ndiko kulikonimaliza. Nilikata mapafu vipande vidogo kama vya mchuzi, nikaweka mbele yao. Wakanusa, wakageuka. Siku iliyofuata vile vile, huku wanakonda. Nikaona hakuna njia. Nikafunua debe, nikachukua biskuti moja, nikaiponda kwenye kinu mpaka ikawa unga, nikaupaka kwenye nyama. Dume akalamba unga. Akalamba tena mpaka akafika nyama, akasita, akaniangalia usoni. Nikamwambia kula, mwanangu, kula, hakuna kingine. Akameza.

Kila siku nilipunguza unga na kuongeza nyama. Niliwalisha mkononi, kipande kwa kipande, ili wajue nyama inatoka kwa mtu na haitembei yenyewe zizini. Jike alichelewa. Aliutafuta ule unga kwa ulimi, akiukosa ananilamba vidole nilivyopondea. Mwisho naye akaacha. Manyoya yakarudi, macho yakawaka, wakanenepa wakapendeza, na ndama hawakuguswa hata mmoja. Kijiji kilishangaa. Mimi nilikuwa na debe langu chini ya kitanda, lina biskuti kiasi cha kufunika kitako, na hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Nilikuwa nimewabadilisha mbwa tabia yao yote ili nibaki na vunjavunja za mama yangu.

Halafu nikangoja. Sijui nikuelezeje kungoja kule. Siku za gulio nilikwenda Mugumu, nikawa nasikiliza watu wanavyoongea, nikisikia mtu ana lafudhi ya kwetu namfuata. Isebania hawajambo? "Wapo tu," wanasema. Kila mtu yupo tu. Kaka aliniandikia mara mbili tatu, kadi ya sikukuu, salamu fupi, hali ni nzuri tunamshukuru Mungu, na kuhusu mama hakuandika kitu. Nilijipa moyo kwa ule ukimya. Nilisema angekuwa na neno angeliandika.

Hapo ndipo nilipokuwa mjinga, mimi niliyezaliwa kule. Kwetu msiba wa mzazi hauandikwi. Binti aliyeolewa mbali hapelekewi kifo cha mama yake kwenye karatasi. Lazima aje mtu wa ukoo, mzee, akae, apewe maji, aulizwe habari za njiani, ndipo aseme kwa mdomo wake, na mkono wake uwe karibu wa kukushika. Najua hivyo tangu utotoni. Na mpaka ulikuwa umefungwa, wazee wa kwetu hawakuwa watu wa kukimbizana na mgambo vichakani. Ukimya wa kaka ulikuwa unaniambia kila kitu, na mimi nikausoma kinyume.

Gunia lilikuja alasiri moja, mvua imetoka kukatika. Lililetwa na mwanamke mfanya biashara, mmoja wa wale waliovusha sabuni kwa magendo, mtu aliyejaa maneno na matope. Alilitua mlangoni akashika kiuno.

"Mama, mzigo wako huu. Nimeubeba kuliko nilivyombeba mwanangu."

Niliuona uzi mwekundu tu. Fundo lilikuwa upande ule ule. Sikuona kingine. Nilipiga vigelegele peke yangu pale uani mpaka jirani akatoka ndani na mwiko mkononi. Mama yu hai, ameshona, amepona. Miezi yote ile, mvua ya kwanza na ya pili, nimekonda kwa bure. Nilikimbia ndani nikarudi na kisu, nikalikata gunia mdomo, kwa pupa, uzi ukaruka vipande huku na huku, nikachota kwa mikono miwili na kuwamwagia mbwa kwenye bati lao. Zililia vile vile kama zamani.

Dume alikuja mbio, akainamisha pua, akasimama. Jike alinusa akapiga chafya. Wakaniangalia mikono, wanatafuta nyama.

"Ona hawa," nikamwambia mgeni nikicheka. "Wamekuwa fisi kabisa. Chakula cha bibi yao hawakitambui."

Niliokota moja nikaivunja. Ndani ilikuwa nyeusi, ina utando, na fukusi wadogo walikuwa wanatoka. Bado sikuelewa. Nilimpa mgeni kigoda na kikombe cha uji, nikakaa mbele yake, na kwa furaha yangu yote nikamuuliza, "Haya, niambie. Mama alisemaje alipokukabidhi?"

Alishusha kikombe.

"Mimi nilikabidhiwa na kaka yako. Alisema lilikuwa darini, mama alishalishona, lako. Lilikaa tu pale tangu mazishi."

"Mazishi ya nani?"

Akazungusha kikombe mkononi, yeye mwenye maneno yote yale. Kisha akasema pole pole kwamba alidhani nimeshaambiwa, kwamba mzee fulani wa kwetu alisema angekuja, kwamba ni muda, kwamba hata matanga yalikwisha na mahindi ya juu ya kaburi yalishavunwa. Aliniomba radhi. Mtu baki, mfanya magendo, ndiye aliyenipa msiba wa mama yangu, na mkono wake ulikuwa na kikombe.

Nilihesabu kichwani, sikutaka lakini nilihesabu. Alikufa muda mfupi tu baada ya mpaka kufungwa. Nilipokuwa naponda biskuti kwenye kinu, naupaka unga kwenye mapafu ya nyumbu, nahifadhi debe, nagombana na mume wangu, mwenyewe alikuwa ardhini.

Jirani ndiye aliyeninyoa nywele. Mume wangu alirudi kutoka ofisini akanikuta na kichwa cheupe nimekaa chini, akavua kofia.

"Nani?"

"Unajua nani. Hata sasa huwezi kumtaja."

Alikaa juu ya jiwe uani mpaka kiza kikaanza kuingia. Aliporudi ndani alisema ataniandikia kibali. Kwa msiba wanaruhusu, alisema, atazungumza na wakubwa, nitavuka kihalali mchana kweupe. Nikamuuliza nivuke nikaangalie nini. Alipokuwa anaumwa nilikuwa mhujumu, sasa amekufa nimekuwa raia mwema. Akaichukua kofia yake akatoka. Sikwenda, na kibali hakikuandikwa.

Wale mbwa waliishi miaka mingi juu ya nyama mbichi, wakazaa, na uzao wao wote haukujua biskuti ni nini. Gunia lile tulilifukia nyuma ya choo, maana hata kuku hawakuzidonoa zile biskuti, walililalia tu. Debe la chini ya kitanda nalo liliingia fukusi, na likafuata huko huko.

Lakini siku ile ile, mgeni alipokwisha kuondoka na kabla jirani hajaja na wembe, nilipiga magoti mlangoni nikaokota uzi. Nilikuwa nataka jambo moja tu. Nilitaka kuona mishono yake ya mwisho, kama ilikuwa imekaza au imelegea, kama aliumia sana, kama mkono wake ulitetemeka alipokuwa ananishonea. Ningeweza kujua. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kujua isipokuwa mimi. Nilivipanga vile vipande kwenye khanga, kimoja kimoja, nikavisogeza huku na huku. Vilikuwa vifupi tu vya nyuzi nyekundu, vyote sawa, jinsi kisu kilivyovikata.